Kungoja Ndege Wajir: Safari Zilizokatizwa Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Safari ya mbali ya mtu wa Tarbaj huanza barabarani. Mji huu wa Kaunti ya Wajir uko kando ya njia inayotoka Wajir kwenda Kutulo, Elwak na Mandera, na hauna huduma ya ndege za abiria zenye ratiba. Anayekwenda Jeddah, Istanbul au Minneapolis hufika kwanza Wajir, kisha hupanda ndege ndogo ya Nairobi au basi linalopitia Garissa, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, ndipo aingie uwanja wa Jomo Kenyatta na kupanga foleni pamoja na abiria wengine wa dunia. Kufikia hapo amekwisha kuvuka vizuizi vingi, na chochote kati ya hivyo kingeweza kumkosesha ndege.

Katika nchi nyingi abiria hukwama kwa ukungu, theluji, hitilafu ya injini au mgomo wa wafanyakazi. Kaskazini Mashariki mwa Kenya mambo hayo yapo pia, lakini kwa zaidi ya karne moja kilichowangojesha wasafiri zaidi ya yote ni amri ya serikali. Ndiyo maana historia ya ndege zilizochelewa na kufutwa hapa haiwezi kusimuliwa bila kuanzia kwenye vibali vya kutembea, vilivyokuwepo kabla ndege haijatua Wajir.

Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kulifunga eneo zima, mtu asiingie wala kutoka bila ruhusa. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha Wajir, Garissa na Mandera, ilitangazwa kuwa wilaya iliyofungwa mwaka 1926, na mwaka 1934 sheria nyingine ya wilaya maalumu ikaongeza mamlaka ya maofisa juu ya nani anahama, lini na kwa njia ipi. Mfugaji aliyetaka kushusha ng'ombe sokoni kusini alihitaji karatasi. Mfanyabiashara naye alihitaji yake. Kungoja nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya kukawa sehemu ya kila safari, na hesabu ya siku za mwendo ikawa lazima iwe na siku za kibali ndani yake.

Ndege zilipofika, zilikuja kama chombo cha serikali na jeshi. Juni 1940, Italia ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege zake zilizotoka upande wa Somalia na Ethiopia ziliushambulia Wajir, ngome na kiwanja chake vikiwemo. Kwa wenyeji, uwanja wa ndege ulikuwa mahali pa askari kwa miongo mingi kabla haujawa mahali pa mtu mwenye tiketi.

Uhuru haukufungua njia. Kenya ilijitawala tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa katika Kaskazini Mashariki kwa sababu ya vuguvugu la kutaka kujiunga na Somalia, na haikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa karibu miaka 28 raia wa eneo hili waliishi chini ya sheria zilizoruhusu kukamatwa bila hati, kufungiwa vijijini na kupekuliwa njiani. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wapigwe msasa upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho chao cha kawaida. Bila hati hizo pasipoti haikupatikana, na bila pasipoti hakukuwa na ndege ya kuchelewa.

Katika kipindi hicho kiwanja kimoja cha ndege kilipata jina ambalo wenyeji hawawezi kulitamka kwa wepesi. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika kiwanja cha Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir, wakashikiliwa kwa siku kadhaa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali kwanza ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliona kwamba waliokufa walikaribia 1,000. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alisaidia manusura na kutoa habari za mauaji hayo, na baadaye akalazimika kuondoka Kenya. Familia nyingi za Wajir zina mtu wao aliyebaki Wagalla. Mtu anayeamriwa na askari ashuke na kupanga mstari kando ya njia ya ndege, katika wilaya hiyohiyo, hawezi kulichukulia jambo hilo kama utaratibu tu wa safari.

Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, ramani ya safari za anga ikageuka. Nairobi ikawa mlango wa Somalia: mashirika ya misaada yakaweka ofisi zake huko, wafanyabiashara wakahamia huko, na ndege ndogo za miraa, dawa na abiria zikawa zinatoka uwanja wa Wilson kila siku. Mashirika ya ndege ya Daallo, lililoanzishwa 1991, na Jubba, lililoanzishwa 1998, yalijaza pengo la shirika la ndege la taifa la Somalia lililokufa. Wajir nayo ikapata umuhimu mpya. Agosti 1992, Marekani ilipoanza kusafirisha chakula cha njaa kwa ndege za kijeshi kutoka Mombasa, Wajir ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo kabisa. Njia ndefu ya kurukia ndege iliyojengwa huko kwa ajili ya jeshi la anga ikaonekana kwamba inaweza kubeba kazi nyingine, na miaka kumi na tano baadaye ikapewa kazi ambayo abiria wengi wangeijua kwa uchungu.

Kazi hiyo ilitokana na hofu ya ugaidi. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise karibu na Mombasa ililipuliwa, na asubuhi hiyohiyo makombora mawili yakarushwa kuilenga ndege ya abiria ya Israeli iliyokuwa ikipaa, yakaikosa. Mwaka uliofuata Kenya ilizisimamisha kwa muda safari za ndege kati yake na Somalia. Novemba 2006, kundi la Mahakama za Kiislamu lilipokuwa limeushika Mogadishu, marufuku ikarudi. Safari zilipofunguliwa tena zilikuja na sharti: ndege inayotoka Mogadishu kwenda Nairobi itue kwanza Wajir, abiria na mizigo yao wakaguliwe, ndipo iendelee.

Kwenye karatasi hilo lilikuwa jambo la saa moja au mbili. Kwa hakika lilibadilisha umbo zima la safari. Abiria wote walishuka, wagonjwa na watoto wachanga pamoja nao. Mabegi yalitolewa tumboni mwa ndege, yakafunguliwa na kupekuliwa, hati zikaangaliwa, watu wakaulizwa maswali, kisha kila kitu kikarudishwa ndani. Ndege mbili au tatu zikifika karibu kwa wakati mmoja, ya mwisho ilingoja zamu. Ndege iliyoondoka Mogadishu alasiri ilikuwa hatarini kukutwa na giza kabla haijamaliza. Anayeunganisha na ndege ya usiku ya kwenda Ulaya au Ghuba angeweza kuikosa bila ya shirika lolote kuwa na kosa, kwa kuwa shirika lililomleta lilitii amri na shirika lililokuwa likimsubiri liliondoka kwa saa yake. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: hasara ilikuwa ya abiria peke yake, na hapakuwa na dirisha la kupeleka dai.

Haki inataka isemwe pia kwamba hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Tarehe 2 Februari 2016 mlipuko ulitoboa ubavu wa ndege ya Daallo muda mfupi baada ya kupaa kutoka Mogadishu kuelekea Djibouti. Aliyebeba bomu alitupwa nje, na rubani akairudisha ndege salama na abiria waliobaki. Wengi wao hawakupangiwa kusafiri na Daallo siku hiyo. Walikuwa na tiketi za Turkish Airlines, ambayo safari yake ilifutwa kwa sababu ya hali ya hewa, na Daallo ikawachukua ili iwaunganishe Djibouti. Uongozi wa Daallo ulieleza kwamba mshukiwa naye alikuwa miongoni mwa abiria hao waliohamishwa. Katika historia ya safari zilizofutwa katika Pembe ya Afrika, huo ndio mkasa unaoonyesha wazi zaidi kwa nini ukaguzi ulidaiwa. Wenyeji waliouliza maswali hawakuupinga. Waliuliza kwa nini ufanywe kwa namna iliyomfanya kila Msomali aonekane mshukiwa, na kwa nini usifanywe kwa ukamilifu Mogadishu kwenyewe.

Baada ya muda sharti la Wajir liliondolewa, kisha likageuka kuwa silaha ya kidiplomasia. Somalia ilikuwa imeishtaki Kenya mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014 juu ya mpaka wa bahari, na mapema 2019 uhusiano ukachacha hadi Kenya ikamwita nyumbani balozi wake. Mei 2019 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ikaamuru ndege za Mogadishu zianze tena kutua Wajir. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama. Majira yake yalieleza mengine. Novemba mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta alikutana na Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo jijini Nairobi, na safari za moja kwa moja zikarudi. Desemba 2020 Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi. Uhusiano ulitangazwa kurejea mapema Mei 2021, lakini tarehe 11 mwezi huo Kenya ikafuta safari zote za kwenda na kutoka Somalia kwa miezi mitatu, isipokuwa za wagonjwa na za Umoja wa Mataifa. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya takriban mwezi mmoja. Mtu aliyekuwa amelipia tiketi katikati ya Mei aliambiwa miezi mitatu, akauza au akaahirisha kwa hesabu hiyo, kisha akasikia kwamba njia imefunguliwa.

Wafanyabiashara na wagonjwa wa Somalia walijifunza kutotegemea mlango mmoja. Turkish Airlines ilikuwa imeanza kutua Mogadishu Machi 2012, na tangu hapo aliyeweza kulipa alifika Istanbul bila kugusa Wajir wala Nairobi. Wakenya wa Wajir na Mandera hawakuwa na njia hiyo ya pembeni. Safari yao ya halali ilipita Nairobi, hata kama mji wa Somalia ulikuwa karibu nao kuliko Garissa.

Garissa ina historia nyingine ya ndege zilizofutwa, nayo ni nzito kuliko ya abiria wenye tiketi za kununua. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu wapatao 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkubwa, zilikuwa na zaidi ya 460,000. Kwa sehemu ndogo ya wakimbizi hao, kuhamishiwa nchi ya tatu ndiko kulikokuwa njia pekee ya kutoka. Safari hiyo huchukua miaka ya mahojiano, vipimo vya afya na uchunguzi wa usalama. Mwishowe huja tarehe ya ndege, na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji huwasafirisha kutoka Dadaab hadi kituo cha kungojea Nairobi. Nauli ya kwenda Marekani si sadaka: mkimbizi hutia saini hati ya deni na huilipa kidogo kidogo akishapata kazi.

Tarehe hiyo imefutwa kwa makundi angalau mara tatu katika robo karne. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi kwa miezi kadhaa, na mahojiano ya ana kwa ana yakawa magumu zaidi kwa kuwa maofisa wake waliiona Dadaab si salama. Wasomali Wabantu, waliokwisha kukubaliwa kuhamia huko, walipelekwa kwa mabasi mwaka 2002 hadi Kakuma, upande wa pili wa Kenya, karibu watu 12,000, ili wahojiwe huko. Wa kwanza wao walifika Marekani Mei 2003. Tarehe 27 Januari 2017 amri ya Rais Donald Trump ilisimamisha mpango huo kwa siku 120, na wakimbizi wa Kisomali wapatao 140 waliokuwa tayari katika kituo cha Nairobi wakarudishwa Dadaab. Januari 2025, aliporudi madarakani, safari zilizopangwa zilifutwa hata kabla ya tarehe ya kuanza kutumika kwa amri mpya.

Abiria wa kawaida aliyefutiwa ndege hupangiwa nyingine. Kwa mkimbizi, kufutwa kwa ndege moja huangusha mpangilio mzima. Cheti cha afya hudumu miezi sita, na kwa baadhi ya wanaofuatiliwa kifua kikuu ni miezi mitatu. Kibali cha usalama nacho kina ukomo. Hati moja ikiisha muda kabla nyingine haijapatikana, familia nzima hurudi nyuma. Mtoto akizaliwa katikati ya kungoja, faili hufunguliwa upya. Wengi huwa wamekwisha kugawa vyombo na kuacha makazi yao kwa ndugu au jirani, hivyo wanaporudi kambini hawana kwao pa kuingia. Hakuna sheria ya fidia ya usafiri wa anga inayogusa hasara ya namna hiyo.

Kwa wasafiri wenye uwezo wa kusubiri mjini, tegemeo limekuwa Eastleigh, mtaa wa Wasomali jijini Nairobi. Ndugu wa ukoo, jamaa wa mke, mtu wa Wajir mwenye chumba cha ziada: hao ndio waliomlaza msafiri aliyekosa ndege kabla shirika halijafikiria kumpa hoteli. Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni ya mtaa huo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijaa wakimbizi waliokuwa wakiuza bidhaa vyumbani mwao, hadi vyumba vikawa maduka na Eastleigh yenyewe ikawa soko la kanda nzima. Mawakala wa tiketi wako jirani na maduka ya hawala, na ukaribu huo ni wa maana sana. Anayehitaji tiketi mpya kwa haraka humpigia jamaa London au Dubai, fedha zikafika siku hiyohiyo, na wakala akatafuta nafasi kwenye ndege inayofuata. Wakala mzuri hujua pia kumpangia mteja saa za kutosha kati ya ndege na ndege, akikumbuka basi la Mandera linalongoja ulinzi wa polisi kabla ya kuondoka. Ulinzi huo umekuwa wa lazima tangu mauaji ya abiria 28 wa basi karibu na Mandera tarehe 22 Novemba 2014.

Lakini mtaa huo haukuachwa kuwa kimbilio salama. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kushikiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, wengine wakarudishwa Mogadishu kwa ndege. Aprili 2015, baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilifunga kampuni 13 za hawala kwa miezi kama miwili. Mei 2020, wakati wa korona, Eastleigh ilizingirwa, asiingie mtu wala kutoka, kwa mwezi mmoja. Ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimama tangu tarehe 25 Machi na hazikurudi hadi 1 Agosti. Hija ya mwaka huo na ya 2021 iliruhusiwa kwa waliokuwa tayari Saudi Arabia tu, na waliokuwa wameweka akiba yao kwa ajili ya safari hiyo walingoja mpaka 2022.

Sheria inayomhusu abiria wa kawaida ipo, ingawa haijulikani sana. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unalifanya shirika la ndege liwajibike kwa hasara inayotokana na kuchelewa katika safari ya kimataifa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizowezekana. Kikomo cha dai kwa abiria mmoja, tangu mwisho wa Desemba 2024, ni vizio 6,303 vya SDR, hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Dai lazima liwe na ushahidi: risiti ya chakula, ya chumba, ya tiketi mpya. Aliyelala kwa shemeji Eastleigh hana risiti. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 ni nyepesi zaidi kwa abiria. Anayeondoka uwanja wa Ulaya, au anayekwenda huko kwa shirika la Ulaya, anaweza kudai hadi euro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 iliyofutwa ghafla, pamoja na chakula na malazi. Wasomali wa Ulaya wanaokuja Wajir kuzuru wazazi wanaweza kuitumia. Ila amri ya usalama na vita huhesabiwa kuwa mambo yaliyo nje ya uwezo wa shirika, na kwa hiyo fidia ya fedha haitolewi katika hali ambazo ndizo zimewakwamisha zaidi watu wa eneo hili.

Kilichobadilika zaidi katika miaka ya karibuni kiko ardhini. Mvua za El Niño za 1997 zilikata barabara na kuitenga Garissa na Wajir, chakula kikapelekwa kwa ndege; mvua za Novemba 2023 zilikata tena barabara karibu na Garissa, na abiria wakavushwa kwa mashua ili waendelee na safari ya Nairobi. Lakini sasa barabara ya Isiolo, Modogashe, Wajir, Kutulo, Elwak, Rhamu hadi Mandera, yenye urefu wa karibu kilomita 740 na inayopita Tarbaj, inajengwa kwa vipande, baadhi yake kwa fedha za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa mwaka 2020. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada waliokuwa wakipitishwa wakazi wa kaunti za mpakani wanapoomba kitambulisho. Hata hivyo, wapo Wakenya wa Garissa na Wajir ambao alama zao za vidole ziliingia katika daftari la wakimbizi wakati wa njaa, familia zilipofuata mgao wa chakula kambini. Kwao ombi la kitambulisho limekaa miaka bila jibu, na hatua ya kwanza ya safari yoyote ya ndege bado ni kufutwa kwa jina lao katika daftari hilo.